Gojira Hakuomba Bomu

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Tena hasira yenyewe ni juu ya sinema za dubwana la Kijapani, ambalo mwanzoni lilikuwa mtu mmoja aliyevishwa gamba zito la mpira akaambiwa akanyage vijumba vya kuchezea. Cheka, ndugu msomaji. Cheka mpaka utosheke. Ukimaliza kaa chini, tuzungumze.

Dubwana lenyewe ni Gojira. Jina hilo limeungwa kutokana na maneno mawili ya Kijapani, moja la sokwe na moja la nyangumi. Kwa Kiingereza akaitwa Godzilla. Alizaliwa mwaka 1954 katika kampuni ya Toho ya Tokyo, na tangu siku hiyo ameuawa, amegandishwa, ametumbukizwa ndani ya volkano, na kila mara amefufuliwa. Toho walimfufua 1984, wakamfufua 1999, wakamfufua 2016 na 2023. Wamarekani walijaribu 1998 wakaboronga, wakarudi tena 2014 na hawajaondoka.

Kila akifufuka, utawasikia vijana wenzangu wanabishana. Safari hii ana urefu gani? Moto anaoutema una rangi gani? Akikutana na King Kong nani atampiga mwenzake?

Hayo ni maswali ya kitoto. Swali la mtu mzima ni moja: anayefufuliwa ni nani hasa, na amefufuliwa ili aje kusema nini? Maana mimi nasema, na nitalisema mpaka sauti inikauke, kwamba kuna ufufuo na kuna wizi wa maiti. Yule anayeitwa Gojira katika sinema nyingi za siku hizi si Gojira. Ni ngozi yake tu, imevaliwa na muuaji wake.

*

Tuanze penyewe. Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Bomu lile liliwashinda hata waliolitengeneza. Nguvu yake ilikuwa kama mara 1,000 ya lile lililoangushwa Hiroshima. Mashua ya uvuvi ya Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru, maana yake Joka la Bahati Namba 5, ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Wavuvi 23 waliokuwamo waliona mwanga upande wa magharibi, ambako jua halichomozi. Baadaye yakaanza kuwanyeshea majivu meupe ya matumbawe. Walirejea bandarini Yaizu wameungua ngozi. Tarehe 23 Septemba mpiga redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki.

Sinema ya kwanza ya Gojira ilitolewa tarehe 3 Novemba mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe. Ni siku 41. Kwa hesabu zetu za msiba, arobaini ya Kuboyama ndiyo kwanza imepita.

Na sinema inaanzaje? Mabaharia wamejipumzisha juu ya meli, mmoja anapiga gitaa. Ghafla bahari inawaka mwanga na meli inashika moto. Mjapani aliyekaa ukumbini mwaka ule hakuhitaji kutafsiriwa kitu. Mwongozaji Ishiro Honda alikuwa askari vitani, na alipokuwa anarudi nyumbani alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Huyo hakuwa mtu wa kuchezea dubwana kwa ajili ya kuwafurahisha watoto wakati wa likizo.

Mle ndani kuna msichana ndani ya treni anayelalamika kwamba alinusurika Nagasaki, na sasa balaa jipya hili hapa. Kuna bunge linagombana: wazee wenye vyeo wanataka ifichwe habari kwamba Gojira ameamshwa na majaribio ya mabomu, wanawake wanasimama na kupiga kelele kwamba ukweli utangazwe. Kuna mama amejikunyata ukutani na wanawe huku mji unateketea, anawaambia wasiogope, muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Kuna hospitali imejaa majeruhi, na daktari anasogeza kipimo cha mionzi kwenye mwili wa mtoto, kipimo kinalia.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi. Humu steringi hayumo. Anayekaribia kuwa steringi ni mwanasayansi Serizawa, mwenye jicho moja, ambaye kwa bahati mbaya amegundua kitu cha kuua viumbe vyote majini. Anaombwa akitumie kumuua Gojira. Anakataa. Anasema wakubwa wa dunia wakishakiona watakifanya silaha, kama walivyofanya kwa atomu. Mwishowe, baada ya kuona mateso ya watu, anakubali kukitumia mara moja tu. Lakini kwanza anachoma karatasi zake zote. Halafu anazama baharini na chombo chake, anamuua Gojira, na yeye mwenyewe anakata kamba ya kumvutia juu, ili kilichobaki kichwani mwake kife naye.

Hiyo ndiyo roho ya Gojira. Si moto, si mkia, si mngurumo. Ni mtu aliyesema hapana, akailipia kwa maisha yake.

*

Sasa tazama wizi ulivyokwenda, hatua kwa hatua.

Mwaka 1956 Wamarekani waliinunua sinema ile, wakaikata, wakampachika ndani yake mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyeigizwa na Raymond Burr. Jamaa anasimama pembeni anatueleza Wajapani wanafanya nini, kana kwamba Wajapani hawana midomo. Msichana wa Nagasaki akaondolewa. Katika sinema ya Kijapani, mzee Profesa Yamane anamalizia kwa kuonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, Gojira mwingine atatokea. Katika ile ya Kimarekani onyo hilo halipo. Bwana Burr anatuhakikishia kwamba tishio limekwisha na dunia inaweza kuendelea kuishi. Watu wa nchi nyingi walimjua Gojira kwa mkanda huu. Walipewa dubwana, wakanyimwa sababu.

Ukafika mwaka 1984. Toho walikuwa wamenyamaza miaka 9. Walipomrudisha walifanya jambo la kijasiri: walizitupa kando sinema 14 za katikati, wakabaki na ile moja ya 1954. Katika sinema hiyo Gojira anazamisha nyambizi ya nyuklia ya Urusi, na vita vya Urusi na Marekani vinanusurika kuanza. Kisha mabalozi wa nchi zote mbili wanamjia Waziri Mkuu wa Japani, wanamshinikiza awaruhusu wampige Gojira kwa bomu la nyuklia, hata akiwa katikati ya mji. Mzee yule anasema hapana. Baadaye anawaeleza mawaziri wake kwamba aliwauliza wakubwa wa nchi zile mbili: je, Gojira angetokea Moscow au Washington, mngekuwa na moyo wa kupiga bomu huko?

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hapo ndipo Serizawa alipofufuka, safari hii amevaa suti na tai.

Halafu fuatilia hapa. Katika sinema ya Kijapani, kombora la Kirusi linaruka kwa bahati mbaya, baada ya Gojira kuiharibu meli ya Warusi bandarini. Ofisa wa Kirusi, ameumia vibaya, anajikokota ili alizuie, na anakufa kabla hajafanikiwa. Mwaka 1985 Wamarekani waliichukua sinema hiyo, wakamrudisha Raymond Burr, wakaikata upya. Katika mkanda wao ofisa yule yule, kwa mikono yake yenye damu, anajikokota ili alirushe! Mtu aliyekufa akijaribu kuuokoa mji wa watu wengine amefanywa muuaji wao. Hata soda ya Dr Pepper imepata nafasi ya kutangazwa mle ndani, lakini Mrusi mwenye utu hakupata.

Mnaiona kazi ya mkasi? Hautengenezi uongo mpya. Unageuza ukweli ulalie upande wa pili.

*

Lakini hayo bado ni madogo. Kubwa lilikuja 2014.

Katika sinema ya Kimarekani ya mwaka huo iliyoongozwa na Gareth Edwards, tunaelezwa kwamba yale mabomu ya Pasifiki ya miaka ya hamsini hayakuwa majaribio. Eti walikuwa wanajaribu kumuua Gojira.

Rudia kusoma. Yaani bomu lililompa Gojira uhai ndilo sasa linalotetewa kwa kutumia Gojira. Mjukuu wa Kuboyama akiuliza babu yake alikufa kwa nini, jibu la sinema ni kwamba kulikuwa na dubwana, mwanangu, tulikuwa tunakulinda. Watu 167 wa Bikini walihamishwa kwao mwaka 1946, wakaambiwa ni kwa manufaa ya binadamu wote. Leo sinema inawaambia watoto wa dunia kwamba kweli, yalikuwa manufaa. Kama huu si ubatizo wa dhambi, niambieni ubatizo unafananaje.

Na mwanasayansi wa sinema hiyo wamempa jina gani? Serizawa. Ameigizwa na Mjapani Ken Watanabe, na anaonyesha saa ya baba yake iliyosimama saa 2 na robo asubuhi, wakati Hiroshima ilipopigwa. Nilipoiona ile saa nilitikisika kidogo. Nikasema hawa jamaa labda wana haya.

Haya iko wapi! Ikaja sinema ya 2019. Kile chombo ambacho Serizawa wa 1954 alikifia ili wanajeshi wasikipate, humu ni kombora la jeshi la Marekani, na jina lake ni lile lile. Hakuna anayeshtuka. Wanalirusha, Gojira anaanguka nusu mfu. Ili apone na awaokoe watu, Serizawa mwenyewe analibeba bomu la nyuklia mpaka kwenye pango lake chini ya bahari, anamgusa mkono kwa upendo, na analilipua. Gojira anaamka na nguvu mpya. Muziki unapanda. Tunatakiwa tulie kwa furaha.

Hata katika sinema ya 1984 Gojira aliamshwa na bomu: kombora la Kirusi lililipuliwa angani juu ya Tokyo, nguvu zake zikamwamsha pale alipokuwa amelazwa. Lakini mwaka ule kuamka kwake kulikuwa balaa, na watu walikimbia wakilia. Mwaka 2019 bomu limekuwa dawa ya mgonjwa. Jina la mtu aliyechoma karatasi zake wamelipa mtu anayebeba bomu. Huu ndio wizi wa maiti ninaousema. Wamemfukua, wamemvisha, wamemsimamisha mlangoni kwao awe mlinzi.

*

Najua mtasema nini, maana mmekwisha kuniambia.

Mtasema: Wajapani wenyewe ndio walioanza kumuuza. Kweli. Mwaka 1962 walimpiganisha na King Kong, watu wakajaa majumba ya sinema kuliko wakati wowote. Mwaka 1967 wakamzalia mtoto. Mwaka 1973 alikuwa anaruka na kupiga mateke kama mcheza karate. Kufikia 1975 waliokata tiketi hawakufika hata milioni moja, na Toho wakafunga duka. Hata hao Wamarekani wanaonunua haki za jina lake, fedha wanawalipa Toho hao hao, nao wanazipokea. Siwatetei. Ila tutofautishe kumfanya babu yako kichekesho na kumfanya babu yako shahidi wa muuaji wake. La kwanza ni utovu wa adabu. La pili lina jina jingine.

Mtasema: Japani nayo ina ya kujibu. Kweli tena, na hapa sitawaonea haya. Jeshi la Japani liliua watu wengi sana Asia kabla bomu halijaanguka Hiroshima, na sinema nyingi za Gojira zinapita kimya penye habari hiyo. Shusuke Kaneko mwaka 2001 alithubutu kuigusa. Katika sinema yake Gojira anabeba roho za watu waliokufa katika vita vya Pasifiki, nao wamekasirika kwa sababu Wajapani wamewasahau. Na Minus One ya Takashi Yamazaki, ya mwaka 2023, iliyopata Oscar ya ufundi wa picha mwaka 2024 kwa kutumia fedha kidogo mno ukilinganisha na Hollywood, naipenda na nina ugomvi nayo. Naipenda kwa sababu rubani aliyefundishwa kwamba heshima yake ni kujilipua anapata mtu wa kumwekea kiti cha kumrusha nje ya ndege, na anaishi. Hiyo nayo ni hapana, tena nzito, kwa nchi iliyowatuma vijana wake wakafe. Ugomvi wangu ni kwamba inatuonyesha mlipuko wa Bikini wa 1946, lakini wale watu 167 wenye kisiwa hawamo. Bikini imekuwa jina la mahali pasipo na wenyewe.

Mtasema pia: zama zimebadilika, mambo ya 1954 hayafufuliki. Hapo mmekosea, na ushahidi ni Shin Godzilla ya 2016, ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi. Tetemeko na tsunami ya Machi 2011 vilikuwa vimepasua kituo cha nyuklia cha Fukushima, na serikali ilionekana imezama kwenye vikao. Basi Anno akaifanya sinema nzima kuwa vikao. Mawaziri wanahama chumba kimoja kwenda kingine, dubwana linakua. Nchi kubwa zinapitisha kwamba Tokyo ipigwe bomu. Kikundi cha maofisa wadogo, wale wasiopendwa ofisini kwa ubishi wao, wanakataa, wanahangaika usiku na mchana kutafuta dawa ya kumgandisha, na wanammiminia mdomoni kwa magari ya kusukumia zege, kama yale yaliyotumika kumwagia maji mitambo ya Fukushima. Sinema inaisha Gojira amesimama katikati ya mji, ameganda, hajafa. Watu itabidi waishi naye.

Hakuna aliyeiga 1954 humo ndani. Hakuna hata gitaa la mabaharia. Lakini ile hapana ipo, imezaliwa upya kutokana na kidonda kipya. Huo ndio ufufuo.

La mwisho mtasema: punguza munkari bwana, ni sinema tu. Kama ni sinema tu, mbona walijisumbua kuzikata?

*

Na msidhani haya ni ya Wajapani na Wamarekani, sisi watazamaji tu tuliolipa kiingilio. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilisafirishwa mpaka New York. Katanga watu wa migodini wanasema Kiswahili, hiki hiki ninachoandika. Mikono iliyochimba na kupakia ilikuwa ya Waafrika ambao hakuna aliyewaambia wanabeba nini. Vumbi lile waliliingiza vifuani mwao miaka kabla majivu hayajawaangukia wavuvi wa Yaizu.

Mara ngapi mmewaona kwenye sinema hizi? Sinema zaidi ya 30 za Kijapani, ongeza za Kimarekani. Dubwana limetoka baharini, limetoka kwenye barafu, limetoka anga za juu. Halijawahi kutoka Shinkolobwe.

Kwa hiyo ninyi mnaoleta hadithi zenu kwenye kurasa hizi, mnaoniambia tuandike mambo yetu tuwaachie Wajapani madubwana yao, nawajibu kwamba dubwana hili lilinyonya kwetu. Anayetaka kumfufua Gojira hahitaji ruhusa ya Toho wala mabilioni ya Hollywood. Anahitaji kalamu, na mchimbaji mmoja wa Katanga arudi nyumbani jioni anakohoa, mkewe amuulize leo wamechimba nini, na yeye aseme sijui.

Na mkisikia amefufuliwa tena, maana atafufuliwa, msiniulize urefu wake wala rangi ya moto wake. Nendeni mkatazame, kaeni viti vya mbele, halafu mkitoka niambieni kitu kimoja tu. Bomu lilipoletwa, nani alisema hapana?

Kama hakuna aliyesema, basi hamkumwona Gojira. Mmeliona bomu, limevaa ngozi yake.